Dawa Iliyoishia Mdomoni

Mnaijua kazi ya mashine ya kusaga, ndugu zangu? Basi mama mmoja aliifanya miaka kumi na miwili, anatoka jioni mweupe kuanzia kope mpaka visigino. Vumbi la unga likamwachia pumu. Na huyo ndiye aliyekuwa mwanzilishi wa nyimbo kwenye kwaya yao. Sasa akianzisha, ubeti wa pili pumzi inakata, wenzake wanamalizia. Ilimuuma sana, maana kuimba ndiko kulikokuwa raha yake.

Kliniki walimpa dawa ya kuvuta ya kila siku, ya kutuliza uvimbe kwenye njia za hewa. Yake ilikuwa kopo la kahawia. Jirani yake, naye ana pumu, alipewa la zambarau, na jirani huyo anapanda kilima na ndoo kichwani huku anapiga soga. Mama akaona kaonewa. Akauliza sokoni, akauliza hata msibani, dawa ya nani kali kuliko ya nani. Mwishoni akafunga safari.

“Nesi, nataka ile ya zambarau. Hii yenu ni maji tu.”

Nesi hakubishana. Akamweleza kwamba dawa zile ni ndugu, na kwa vipimo walivyopewa hazipishani sana. Kisha akamwomba amwonyeshe anavyoitumia.

Mama akapanua mdomo, akapuliza mara mbili juu ya ulimi, akafunga mdomo, akameza. Akashushia na maji.

“Umefanya hivyo muda gani, mama?”

“Miezi saba. Sijaruka hata siku moja.”

“Basi miezi saba unaila. Kifua chako hakijaionja bado.”

Akafundishwa upya: atikise kopo, atoe pumzi yote, abonyeze huku akivuta taratibu mpaka ndani, aishike kidogo, halafu asukutue na kutema. Kopo lile lile la kahawia. Baada ya wiki chache akaimba beti zote nne, na uso wake ulikuwa na furaha isiyofichika.

Mnacheka. Haya, na sisi je? Si ndio sisi tunaolinganisha wahubiri, yule wa ng’ambo ana moto, huyu wetu kapoa? Neno ni lile lile. Tumelisema, tumeliimba, tumeitikia amina. Nani kalivuta mpaka pale panapouma?

Najua humu ndani wapo ndugu wawili hawajasemeshana tangu Krismasi, na wote wawili wanaimba vizuri. Msiniombe mhubiri mwingine. Nendeni mkaongee leo, kabla ya chakula cha mchana.