Picha ya Kifua cha Baba

Nyoka akiingia chumbani, mtu haulizi fimbo nzuri iko wapi. Huuliza iliyo karibu. Wahenga walilisema hilo kwa maneno machache, na mhandisi wa kompyuta wa hospitali moja alilijua tangu shuleni. Tena aliwahi kulipatia alama kwenye mtihani.

Alikuwa kijana hodari, mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa ulimi. Hospitali ilikuwa na ghala la diski lililohifadhi picha zote za wagonjwa, na tawi lake la mji wa mbali lilikuwa na jingine kama hilo. Yeye ndiye aliyeyaunganisha maghala hayo kupitia mtandao wa intaneti, hata yakawa kama ghala moja: picha ikihifadhiwa huku, nakala yake hufika kule kufumba na kufumbua. Wenzake wakambandika jina la Daraja, naye akavimba kichwa.

Siku ya majaribio aliita kutoka kule picha ya kifua cha baba yake, dereva wa lori mstaafu.

"Kumbe kifua changu kimefika mji ambao mimi sijafika," mzee alisema, wakacheka wote.

Katika chumba cha pili palikuwa na kabati la diski za akiba, zenye nakala za picha zote. Daraja aliamua livunjwe, diski zake zipelekwe kule mbali kuongeza nafasi. Dada yake mkubwa, mpiga picha za eksirei hapo hapo, hakupendezwa.

"Na njia ikikatika, mdogo wangu?"

"Dada, wewe piga picha. Mambo ya njia niachie mimi."

"Haya. Nimeuliza tu."

Asubuhi moja ya mwaka uliofuata, katapila lililokuwa likipanua barabara lilikata nyaya za ardhini, za umeme na za mtandao pamoja. Hata simu za mtaa mzima zikawa bubu. Umeme uliporudi kwa kishindo, uliunguza diski za ghala la hospitali, ukakatika tena. Jenereta iliwashwa, taa zikarudi, lakini picha za zamani hazikuonekana hata moja.

Asubuhi hiyohiyo baba yao aliletwa akiwa ameshika kifua. Dada alimpiga picha mpya.

"Mshipa mkubwa umetanuka," daktari alisema. "Kama ulikuwa hivihivi mwaka jana, nitampa dawa tusubiri. Kama umetanuka sasa, utapasuka wakati wowote. Nionyesheni picha ya zamani."

"Ipo, daktari," Daraja alijibu. "Iko salama kabisa."

"Iko wapi?"

"Kule."

Kule kulikuwa safari ya kutwa kwa gari. Daktari alisubiri mafundi wa nyaya kadiri alivyothubutu, kisha akampasua mzee. Mzee hakuamka.

Jioni nyaya ziliungwa. Picha ikaja kufumba na kufumbua, kama Daraja alivyokuwa akijisifu. Mshipa ulikuwa umetanuka vilevile tangu mwaka jana. Daktari alipima mara mbili, akazima skrini na kutoka.

Dada alimkuta mdogo wake katika chumba cha pili, ameketi sakafuni palepale lilipokuwa kabati. Aliketi kando yake. Daraja alikuwa akilia kwa majuto yasiyo na dawa.

"Ilikuwepo, dada. Muda wote ilikuwepo."

"Najua," dada alisema. "Ila haikuwa hapa."

Ama kweli, fimbo ya mbali haiui nyoka.