Nani Awe Somo wa Salha?

Nina kesi imenishinda, nawaletea nyinyi.

Pangani palikuwa na majirani watatu. Bi Biubwa alijua kupika mafuta ya nazi, na mafuta yake hayakuvunda upesi. Shamsa alitengeneza vipodozi nyumbani, wala hakutia kitu asichokijua. Mwanakheri hakuwa na ufundi wa kuuza, ila alikuwa na mkono usiochoka. Kila penye shughuli ndiye aliyeitwa kusonga ugali.

Jirani yao Salha aliugua homa ndefu, harusi ikikaribia. Alipoinuka, nywele zilikuwa zimeshikamana kama gunia. Mama yake, Bi Rukia, akashika mkasi.

"Zikate, mama," Salha alisema, "na harusi ingoje mpaka ziote."

Bi Rukia akauweka mkasi chini, akawaita wale watatu. Kila mmoja alitamani kuwa somo wa Salha, yule anayemfunda bibi arusi na kubaki msiri wake maisha yote. Na somo ni mmoja tu.

"Atakayekiokoa kichwa hiki," akasema, "ndiye somo wake."

Bi Biubwa akapaka mafuta yake. Nywele ziling'aa, lakini chanuo likakwama palepale.

"Nywele zina kiu," Shamsa alisema. "Mafuta peke yake yanafunga mlango, maji yakiwa nje."

Akatoa nta nyeupe ya chengachenga, ile inayopatanisha maji na mafuta na kulainisha nywele. Akaiyeyusha yote ndani ya mafuta ya Bi Biubwa, kisha akaomba maji ya waridi yapashwe yawe na moto ule ule.

"Marashi hayapikwi, mwanangu," Bi Biubwa alisema. "Utaua harufu." Akayamimina baridi.

Nta ikaganda mabonge, maji yakajitenga. Nta nyingine ilikuwa Tanga mjini, na wageni walishaanza kufika.

"Mwaga," Shamsa alisema. "Imekufa hiyo."

"Nani kaizika?" Mwanakheri akauliza.

Akakiweka chombo ndani ya sufuria ya maji ya moto mpaka mabonge yakayeyuka, akaanza kukoroga.

"Shoga, huo si ugali," Shamsa akamtania.

Mwanakheri alikiipua chombo akaendelea kukoroga; mkono ulipokufa ganzi akabadili mwingine, mpaka chombo kikapoa. Ndani yake mlikuwa na krimu nyeupe, nzito, isiyotengana.

Wakampaka Salha. Akauma pindo la kanga, wakachana kuanzia nchani, kidogo kidogo. Chanuo likapita hadi kwenye ngozi.

Hapo ndipo maneno yalipoanza.

"Mngeyeyusha nta ndani ya nini bila mafuta yangu?" Bi Biubwa aliuliza.

"Mafuta yako yalitangulia, bibi, na chanuo likakwama," Shamsa alisema. "Na aliyemwaga maji baridi ni nani?"

"Mimi humo ndani sina changu," Mwanakheri alisema. "Ila ilishasemwa imwagwe."

Mimi simlaumu Bi Biubwa; alikuwa akiilinda harufu ya harusi. Wala Shamsa, aliyekata tamaa kwa sababu aliijua nta yake.

Bi Rukia akamgeukia binti yake. Salha akatikisa kichwa: "Nikimtaja mmoja, nitawapoteza wawili. Uliyetoa ahadi ni wewe, mama."

Mkeka wa somo umeshatandikwa, na nafasi ni ya mtu mmoja. Ungekuwa wewe Bi Rukia, ungemwambia nani akae?