Washenga wa Mikakao Saba

Mtu mmoja wa Kyela, jina lake Ambilikile, aliachiwa na mama yake mikakao saba ya mbegu ya zamani, ile ambayo ukiipasua punje yake unakuta nyeupe kama nazi. Majirani walikwisha kung'oa ya kwao, wakapanda miche mipya inayozaa haraka. Hiyo saba ikifa, mbegu imekwisha.

Ambilikile alimpenda mama yake, na mapenzi yake aliyaonyesha kwa ufagio. Alikuwa mtu nadhifu kupita kiasi, mtu wa kupiga pasi hata shati la shamba. Kila asubuhi alifagia chini ya mikakao mpaka ardhi ikang'aa, akachoma majani makavu, akatupa mbali migomba iliyooza, kisha akapiga dawa ya wadudu. Wapita njia walimsifu, naye kichwa kikavimba.

Mikakao ikatoa maua, tena mengi. Yakapukutika yote. Mwaka wa pili vivyo hivyo, hata tunda la kuibwa na kima halikupatikana. Akaamini miti imezeeka. Akanoa shoka, machozi yanamlengalenga.

Dada yake Tusekile, ambaye shamba lake watu waliliita jalala, akamkuta anapima pa kukata. Akatazama ile ardhi safi, akacheka mpaka akakaa chini.

"Kaka, umewafukuza washenga, halafu unamlaumu bibi harusi kwamba haolewi?"

Kisha akamweleza. Chavua ya kakao hubebwa ua hadi ua na vijidudu vidogo mno, navyo huzaliana kwenye majani na migomba inayooza. Mama yao aliyaacha majani yalale pale kwa makusudi, hakuwa mvivu.

Ambilikile aliona haya. Aliacha dawa, akarudisha migomba iliyooza kwa mabega yake mwenyewe, na waliomsifu jana wakasema uzee umemfanya mchafu. Ilimuuma, jamani! Kwa mtu nadhifu hilo si jambo dogo. Lakini ufagio hakuugusa tena.

Msimu uliofuata yakashika matunda kumi na tisa. Hakula hata moja. Alizipanda mbegu zote. Waliomcheka walipokuja kuomba miche, aliwapa kwa furaha, na kila mche aliufungasha pamoja na tita la majani yaliyooza.

Ndugu zangu, urithi unapokataa kuzaa mikononi mwetu, ni nani kati yetu hujikagua mwenyewe kabla ya kuulaumu?