Bomba la Bwire

Mtu mmoja, Bwire, alikuwa na boti ndogo ya injini iliyovusha watu kutoka kisiwani kwao hadi bara, mwendo wa saa nne. Wanaume walijisaidia pembeni ya boti na hakuna aliyewasema. Wanawake walianza kujinyima maji tangu jana yake. Aliyeteseka kuliko wote ni mama yake Bwire, aliyevuka kila mwezi kwenda hospitali kutibiwa figo. Bwire akaona haya, akaazimia kuweka choo.

Fundi alimpa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa tangi la kukaa chini ya benchi la nyuma. Likijaa, mwenye boti hulibeba mbele ya macho ya watu akalimwage shimoni, nchi kavu. Ya pili ilikuwa bomba la kutoboa ubavu wa boti na kutema moja kwa moja ziwani. Bwire alijiona akipita katikati ya wachuuzi wa dagaa na tangi lake mabegani, akavisikia na vicheko vyao. Akachagua bomba. Ziwa ni pana, alijiambia, nalo halisemi. Abiria wakamsifu, mama yake akamwombea baraka.

Sasa, watu wa kisiwa kile wana desturi. Maji ya ufukweni hawanywi, maana humo ndimo wanamofulia na kuogeshea ng'ombe. Wakifika katikati ya ziwa, injini hupumzishwa, mkubwa wao huchota maji kwa kata, nayo huzunguka mkono kwa mkono. Mwenye boti hunywa wa mwisho. Anayeikataa kata amewatukana wenzake. Bwire aliijua desturi hiyo tangu utotoni, ila siku ya kuchagua bomba hakuikumbuka, au hakutaka kuikumbuka.

Safari moja, injini ilipopumzishwa katikati ya ziwa, maji yalitulia, boti ikasimama palepale bila kusogea. Mtu alikuwa nyuma ya pazia la choo. Bwire alisikia mkono wa pampu ya choo ukilia, mara ya kwanza, mara ya pili. Upande uleule wa bomba mama yake, mkubwa wao siku hiyo, akainama na kata, akachota. Bwire akafungua mdomo. Akawatazama abiria, ambao wangeuliza kwa nini, na tangu lini. Akaufunga. Mama akanywa kama mtu aliyeagizwa na daktari anywe maji mengi. Kata ikazunguka, kila mtu akapiga funda lake. Mwishowe mama akachota upya, akamletea kwa mikono miwili.

"Zamu yako, baba. Hakuna maji safi kama ya hapa."

Bwire akanywa yote. Boti ile inavusha watu hadi leo, na bomba liko mahali pake. Yeye hujiambia kwamba siku ile alikunywa kwa kumheshimu mama yake. Ninyi mlioketi hapa mnasemaje?