Kiganja cha Ndiwa

Zamani hizo, kabla chokaa haijachora mistari kwenye nyasi za uwanja, mtu alihesabiwa mshindi kwa kuvuka mpaka tu. Avuke, ainue mikono, arukeruke, basi. Ninyi mnaomzomea mwamuzi kwamba ni kipofu mngeupenda sana wakati ule.

Ulikuwa mwaka wa kiangazi kikali. Mlimani zilikaa koo mbili, mmoja upande wa juu na mwingine upande wa chini, na kati yao palikuwa na chemchemi moja iliyokuwa ikipungua. Ndama wa upande wa chini walikuwa wameanza kufa. Wanaume walikwisha kunoa mikuki, ndipo Bibi Chemtai, mlinzi wa chemchemi, akasema damu haitamwagika karibu na maji. Alichukua kiriba kikavu, mfuko wa ngozi wa kubebea maji, akakishindilia majani, akakishona ncha zote mbili. Akasema ukoo utakaokibeba hadi kuvuka mpaka wa wenzao ndio utakaokunywa.

Upande wa chini walikuwa na Ndiwa, kijana wa mbio, ambaye mama yake alibakiwa na ng'ombe mmoja tu. Alikitwaa kiriba akapenya katikati ya watu. Sakong wa upande wa juu alimkaba shingo, jambo lililokatazwa, lakini Ndiwa alichopoka, akavuka. Akakiinua kiriba juu na kucheza, na ukoo wake ukapiga vigelegele.

Mara chemchemi ikanyamaza. Mlio wa maji waliouzoea tangu kuzaliwa ulikatika, na watu wakaogopa hata kupumua.

"Mjukuu wangu," Bibi Chemtai alimwambia Ndiwa, "kwetu mtu akidai shamba hufanyaje?"

"Huweka kiganja juu ya udongo, bibi."

"Wewe umedai maji, ukalionyesha jua kiriba. Ardhi itajuaje?"

Ndiwa akapiga magoti, akakikandamiza kiriba udongoni kwa kiganja wazi. Ardhi ikatetemeka. Pale vilipogusa vidole vyake vitano, maji yakabubujika mahali patano, na wazee waliozika ndugu zao bila chozi wakalia mbele ya watoto.

"Ardhi umeiambia," Bibi Chemtai akasema. "Sasa iambie na mbingu."

Ndiwa alirudi nyuma akakipiga kiriba teke, kikapaa kati ya miti miwili ya mpakani. Mawingu mawili yakaja, kila moja likatua juu ya ukoo wake, mvua ikanyesha pande zote. Hakuna aliyekimbilia nyumbani.

Sakong aliona haya. Alibeba mafiga matatu ya jikoni kwao akampelekea mama yake Ndiwa, kwa ajili ya shingo ya mwanawe. Kwao, aliyemkosea mwenzake alihesabiwa amempindulia chungu, na chungu hakikai bila mafiga.

Na tangu siku hiyo, anayeugusisha mpira wa raga ardhini nyuma ya mstari wa wapinzani hupewa pointi tano, za vidole vya Ndiwa. Teke linalofuata likipita kati ya milingoti huongezwa mbili, za mawingu. Timu iliyokosewa ikipewa teke la adhabu, mpira ukapita, hupata tatu, za mafiga. Lakini anayevuka kwa mbwembwe na mpira ukamponyoka kabla haujagusa nyasi, harudi na kitu.

Kwa hiyo mkimwona mwamuzi amelala kifudifudi kwenye mstari, uso karibu na nyasi, acheni kelele. Anasikiliza maji.