Zeze la Marehemu na Watani Watatu

Hadithi hii alinipa shangazi yangu Mwanakombo, mfinyanzi, siku tunakanyaga udongo wa vyungu. Alikuwa akifika mwisho anauliza, kisha ananiacha hivyo hivyo. Basi sogeeni. Tunu, acha kumfinya mwenzio.

Palikuwa na watani watatu. Watani mnawajua? Ni wale ambao msibani wana ruhusa ya kufanya mzaha wowote, na mfiwa hana ruhusa ya kukasirika. Nyoni alikuwa anaweza kulala kama maiti, nzi atue jichoni asipepese. Mashavu akilia, hata aliyekuja kwa ajili ya wali analia. Na Chambi, akikusikia mara moja tu, sauti yako anayo.

Basi akafa mtu, Semkiwa, mpiga zeze. Kaugua kikohozi muda mrefu, mkewe Mnyamisi anamuuguza. Hata hajazikwa, mdogo wake, Mhando, akasimama mbele ya watu: "Huyu mwanamke kamroga kaka yangu. Tukitoka makaburini aende kwao. Watoto wanabaki."

Watu wakaitikia, "Ndiyo, aende!"

Mnyamisi akawakumbatia wanawe. Watani wakatazamana.

Kule kaburini, maiti haijashushwa, Nyoni akachukua kofia ya marehemu, akaivaa, akaruka shimoni, akalala chali. Watu wakawaka.

"Toka humo, mshenzi wee!"

"Huu si utani tena!"

Wengine wakaokota mawe. Nyoni hatikisiki. Mama wa marehemu, Bi Kizaa, akachungulia, akaiona kofia ya mwanawe kule chini. Akakaa chini pale pale.

Mawe yangali mikononi, Mashavu akaja ukingoni, akajifunga kanga vile vile anavyojifunga Mnyamisi, akaomboleza: "Nimekuroga mume wangu ee! Nimekuroga kwa uji, kijiko kwa kijiko. Nimekuroga kwa maji ya moto, nakukanda mgongo. Nimekuroga kwa kutolala!" Kwanza walicheka. Halafu kicheko kikawakauka. Jirani mmoja akaangusha jiwe lake, akajifunika uso.

Ndipo Chambi, kajificha nyuma ya kifusi, akakohoa. Kikohozi kile kile, jamani! Na sauti ya Semkiwa ikatoka: "Mhando, mdogo wangu... mbona hukuja kuniona?"

Mhando akasahau kabisa kuwa pale pana watani. Akaliinamia shimo: "Nisamehe kaka! Niliogopa kikohozi chako! Ndicho kilichomuua baba, nikasema nikija kitanipata na mimi!"

Loo! Watu wote wakamgeukia.

"Kumbe ulijua ni kikohozi?"

"Sasa huo uchawi umeutoa wapi, Mhando?"

Mnyamisi akabaki na wanawe na nyumba yake.

Sasa, desturi yao, mazishi yakiisha, mtani hupewa kitu cha marehemu. Mnyamisi akaleta zeze. Na zeze lilikuwa moja.

"Langu hilo," akasema Nyoni. "Nisingelala shimoni, wote hawa wangekuwa wanawaza wali."

"Wali?" akasema Mashavu. "Bila mimi ungezikwa wewe kwanza, tena kwa mawe!"

Chambi akacheka. "Nyie mmewakasirisha na kuwaliza. Aliyemfungua Mhando mdomo nani?"

Hapo Bi Kizaa akanyanyuka, taratibu. "Wanangu, mkwe wangu mmemwokoa, ahsanteni. Lakini mimi nimesikia kile kikohozi, moyo ukaniambia mwanangu yu hai. Kisha mkaninyang'anya. Leo nimezika mara mbili. Nani aliniomba ruhusa? Zeze nipeni mimi, na asiliguse mtani yeyote."

Watani wakainamisha vichwa. Mnyamisi kasimama katikati, zeze mkononi. Akisogea huku anarudi. Akisogea kule anarudi.

Je, wewe ungempa nani? Na usikimbilie kusema Bi Kizaa kwa kuwa ni bibi kama mimi. Mimi mwenyewe nikilalia ubavu huu nasema ni yeye. Nikigeuka, nawaona wale watoto wananyofolewa kwa mama yao, nasema hapana, ni mmoja wa watani.

Haya, lalani sasa, kila mtu na jibu lake.

Nani huyo anakohoa? Tunu! Acha kuniigiza, mtoto wewe. Lala.