Mbwa wa Mbeyu na Zimwi

Sogeeni, msikie yaliyompata Mbeyu.

Aliokota mbwa watatu jalalani, akawalea mpaka wakafa. Jamaa walipokutana kuwakumbuka, likaingia zimwi linalomeza jina la kila mfu anayesifiwa kwa uongo.

“Yule mkubwa alikuwa mpole!” akasema shangazi. Zimwi likameza jina la mbwa huyo, wote wakalisahau.

“Yule mweupe hakuiba kamwe!” akasema mjomba. Likameza la pili.

“Na Kijiti alikuwa mtiifu...” akaendelea shangazi.

“Basi, shangazi!” Mbeyu akafoka. “Kijiti aliniuma nilipomwokoa, na kuku wako ni yeye aliyemla!”

Ukweli ukalikaba zimwi, likakimbia.

Mpaka leo Mbeyu huweka mabakuli matatu mlangoni. Moja la Kijiti. Mawili huyatazama kwa hasira, asijue wale wawili awaite nani.

Ngano yangu imelala hapo mlangoni.